Mwalimu, usituuzie mangaribi kile tulichokosa asubuhi

Wakaaji wa Oicha na ninyi ndugu wahami mliopokelewa katika nyumba za watu, leo sisemi juu ya risasi. Nasema juu ya franka elfu kumi. Ndizo feza ambazo mama mmoja, mhami kutoka upande wa barabara ya Mbau-Kamango, anaombwa kila mwezi ili binti yake wa kalasi ya sita abaki darasani saa moja na nusu wakati wenzake wanarudi nyumbani. Masomo hayo ya mangaribi yana majina mengi: etidi, marudio, matayarisho ya ENAFEP, matayarisho ya testi ya kuingia sekondari. Mwalimu ni yuleyule wa asubuhi. Ubao ni uleule. Hata chaki ni ileile iliyonunuliwa na shule. Kitu kimoja tu kinabadilika: asubuhi watoto wote wako ndani, na mangaribi wanabaki wale ambao wazazi wao wamelipa.

Mama yule analima mashamba ya watu. Siku nzima ya jembe wanampa franka elfu tatu, na siku nyingine wanampa mihogo badala ya franka. Fanyeni hesabu wenyewe: siku tatu za kazi hazitoshi kulipa etidi ya mwezi mmoja, na hapo hatujagusa sabuni, chumvi wala dawa ya malaria. Shamba lake mwenyewe lipo. Ni la kakao. Katika mwaka 2024 bei ya kakao ilipanda duniani hata ikapita dola elfu kumi kwa tani, na watu wa mbali walidhani sisi huku tumetajirika. Lakini kakao yake iko porini, na yeye yuko Oicha, na kati yao kuna watu wenye panga. Basi akaniuliza: «Mwandishi, ni kweli mtoto hawezi kuingia sekondari nzuri bila etidi? Niambie ukweli, maana nikilipa hatukuli, na nisipolipa watasema nimemharibia mtoto maisha.»

Nilimwambia nitaandika, na jibu langu ni hili. Mtoto hahitaji etidi ya kununua. Mtoto anahitaji masomo. Ni vitu viwili, hata kama wanaouza wanapenda sana tuvichanganye.

Kwanza tutenganishe mitihani, sababu wazazi wengi wanaichanganya na biashara inanufaika na mchanganyiko huo. ENAFEP, ule tuliozoea kuuita TENAFEP, ni mtihani wa taifa wa kumaliza masomo ya msingi. Unapima Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Mtoto anayepita anapata sertifika, na sertifika inamfungulia mlango wa kalasi ya saba. Mtihani huo hauulizi nani ni wa kwanza na nani ni wa mia moja. Unauliza kama mtoto amejua yale ya programu. Nchi nzima inaweza kupita na hakuna atakayekuwa amemnyang'anya mwenzake nafasi.

Testi ya kuingia ni kitu kingine. Hiyo inatungwa na sekondari yenyewe, ile yenye jina, yenye madirisha ya vioo na walimu wasiokosa kazi. Ina nafasi chache na watoto wengi wanaozitaka, kwa hiyo inachuja. Haitoki Kinshasa. Prefe na walimu wake wanakaa wakati wa likizo kubwa, wanaandika maswali, wanapanga majina kutoka juu kwenda chini, na wanakata mstari. Walio juu ya mstari wameingia. Mtu anapowaambia «etidi ni ya lazima kwa sababu ya mtihani wa serikali», mwulizeni ni mtihani gani anaousema. Mara nyingi anawatisha na ENAFEP ili awauzie testi.

Sasa angalieni hiyo testi ya kuchuja. Wote tunajua foleni ya maji kwenye robine. Robine ikifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, watu wanafika saa kumi na moja na nusu. Siku moja mama mmoja anafika saa kumi na moja, anapata maji mapema, anafurahi. Kesho yake watano wanafika saa kumi na moja. Kesho kutwa, saa kumi. Baada ya mwezi mtaa mzima unaamka saa tisa ya usiku na bidoni mkononi, watoto wanasinzia juu ya mawe, na maji yanayotoka ni yaleyale. Hakuna bidoni hata moja iliyoongezeka. Kilichoongezeka ni uchovu. Etidi ya kuingia sekondari ni hivyo hivyo. Shule yenye viti hamsini itapokea watoto hamsini, hata watoto mia tatu wote wakilipiwa etidi, hata asilipiwe hata mmoja. Feza zenu hazijengi kiti cha hamsini na moja. Zinawasukuma tu wale wasio na feza kurudi nyuma ya foleni.

Na nyuma ya foleni ni nani? Nendeni kutazama. Ni mtoto wa mhami. Ni mtoto ambaye mwaka juzi alikuwa wa pili katika kalasi yake kule kijijini, kabla shule yao haijafungwa. Buletini yake imeungua na nyumba. Jina lake hapa halijulikani, na mwalimu ana watoto wengi mbele yake kiasi kwamba hajamsikia akisoma kwa sauti hata mara moja tangu Septemba.

Mtaniambia: lakini waliosoma etidi ndio wanaopita testi. Ndiyo, nakubali, tena wengi wao. Lakini ulizeni wanajifunza nini huko. Nilikaa mlangoni mwa etidi mbili tofauti, siku tofauti, nisikilize. Katika ya kwanza mwalimu alikuwa na karatasi za maswali ya miaka iliyopita. Alisoma swali, akasoma majibu ya kuchagua, watoto wakaitika kwa pamoja kama wimbo wa kanisani: «La tatu!» Swali lingine: «La kwanza!» Nilimwomba mtoto mmoja anieleze kwa nini ni la tatu. Alinitazama kama mtu ambaye ameulizwa kwa nini mvua inanyesha. Katika etidi ya pili, mwalimu alikuwa anafundisha sehemu za hesabu, nusu na robo, vizuri kabisa, kwa kukata fimbo ya muwa mbele ya watoto. Nilipenda. Kisha nikauliza: somo hili la sehemu ni la mwezi gani katika programu? Akacheka kwa haya kidogo. Lilikuwa la asubuhi, wiki mbili zilizopita, na asubuhi hakulifundisha.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwalimu wa kwanza anauza karatasi za kukariri, na huyo angalau hajanyima mtu kitu. Wa pili anauza somo lenyewe. Amelitoa katika saa za wote akaliweka katika saa za waliolipa. Sisemi kila mwalimu anafanya hivyo, na sisemi hata kwamba anayefanya amekaa usiku akapanga. Inakuja polepole. Darasani kuna watoto themanini, kelele, joto, mtu anachoka, anasema «hili tutaliona mangaribi kwa utulivu». Kesho anasema tena. Baada ya miezi mitatu asubuhi imekuwa ya kuandika tarehe na kunakili ubaoni, na masomo ya kweli yamehamia mangaribi, pamoja na mlango wa kulipia. Mwalimu anayeuzia watoto wake mwenyewe ana sababu ya kufundisha vibaya asubuhi. Hata akiwa mtu mwema, sababu hiyo iko pale kila siku, inamngoja.

Na mzazi hawezi kukataa. Hilo ndilo linalotofautisha etidi hii na biashara ya sokoni. Sokoni, mwuza samaki akikupandishia bei unaenda kwa mwingine, na hakuna atakayempiga mtoto wako jicho baya. Hapa mwuzaji ndiye anayesahihisha kaye ya mtoto wako, ndiye anayejaza buletini, ndiye anayempanga mbele au nyuma. Wamama wamenieleza kwamba hakuna aliyewalazimisha. «Alisema tu kwamba ni kwa hiari, kisha akasoma majina ya wale ambao bado.»

Katiba ya inchi yetu, ile ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Maneno hayo yalilala kwenye karatasi miaka kumi na tatu. Mnamo Septemba 2019 rais Félix Tshisekedi alianza kuyatekeleza, na sisi sote tuliona madarasa yakijaa hadi dirishani. Watoto waliokuwa wanauza karanga barabarani walivaa shati jeupe. Sitaruhusu mtu aseme hilo lilikuwa jambo dogo. Lakini kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990 wakati serikali ya Zaïre iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliowabeba walimu mgongoni. Tuliita «motivasyo», tuliita «prime», kila shule na jina lake. Mtoto asiyelipa alifukuzwa mbele ya wenzake. Kizazi kizima kilikua kikidhani kwamba mwalimu ni mtu wa kulipwa na mama wa mtoto.

Desturi ya miaka thelathini haikufa siku moja kwa tangazo. Ilibadilisha shati. Franka zilizokuwa zinadaiwa mlangoni asubuhi sasa zinadaiwa mlangoni mangaribi, na kwa kuwa ni «kwa hiari» na ni «kwa ajili ya mtihani», hakuna inspekta anayeuliza. Ndiyo maana nasema wazi: sehemu kubwa ya etidi tunayoiona hapa imezaliwa na mfuko wa mwalimu kabla ya kuzaliwa na hitaji la mtoto. Ni minervali ya zamani iliyorudi kwa dirisha.

Walimu mtakaosoma haya mtakasirika, najua. Wengine ni marafiki zangu, na mmoja wao alinifundisha kushika biki. Kwa hiyo nisikieni hadi mwisho. Kuna miongoni mwenu watu wanaofundisha miaka mingi bila kuonekana kwenye orodha ya malipo ya serikali. Kuna wanaolipwa, lakini feza zinafika zimechelewa, na kwa kuzifuata mtu anapanda motari hadi mjini na kutumia sehemu yake njiani. Wengine ninyi pia ni wahami. Mmefundisha mkiwa na nyumba, leo mnafundisha mkilala kwa shemeji. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo 2024-2025 walimu wengi, wa shule za Kikatoliki mbele, waligoma wakidai mshahara uongezwe. Niliandika wakati ule kwamba madai yao ni ya haki, na leo sifuti hata neno. Mtu anayefundisha watoto themanini anastahili kula.

Lakini swali ni: nani amlishe? Ninyi mnajibu kwa matendo: mama wa kulima shamba la mtu. Mnamdai deni la serikali yule ambaye serikali imemwacha zaidi yenu. Na mkishapata franka zake, madai yenu kwa serikali yanapungua nguvu, sababu Kinshasa inaona kwamba walimu wa Beni bado wanaishi, basi hakuna haraka. Katika mtaa mmoja, wakati ule ule wa mgomo, madarasa yalikuwa na kufuli na etidi za nyumbani kwa walimu zilikuwa zinaendelea. Watoto wa wenye feza hawakupoteza hata wiki. Mgomo wa namna hiyo unamwumiza nani? Hauumizi waziri. Mtoto wa waziri hayuko Oicha.

Kama jamii imekubali kwamba wazazi wachangie mwalimu asiyelipwa, basi tuliseme hilo jina lake, kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya direkta na kamati, kila mtu kadiri awezavyo, mhami asidaiwe, na mtoto yeyote asitoke darasani kwa sababu hiyo. Naweza kuutetea mchango wa namna hiyo hata kama sheria haiupendi. Siwezi kutetea mchango unaojificha ndani ya hofu ya mtihani.

Tena kuna jambo ambalo linanishangaza halisemwi. Etidi inaisha saa kumi na moja na nusu, siku nyingine kumi na mbili. Sisi tuko katika jimbo lililo chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Tunajua jioni ya Oicha ilivyo. Tunajua mambo gani yametokea pembezoni mwa mji jua likizama, tangu 2014 hadi sasa. Kisha tunawaambia wasichana wa miaka kumi na miwili wavuke mtaa mzima gizani na kaye kifuani, ili wakafundishwe sehemu za hesabu ambazo zilikuwa na saa yake mchana. Baba mmoja aliniambia anamfuata binti yake kila mangaribi na fimbo mkononi. Fimbo! Nilimwuliza kama alishawahi kumwomba mwalimu afundishe hayo saa nne asubuhi. Hakuwahi. Alisema mambo ya shule ni ya walimu.

Nakuja kwa hoja iliyo nzito kuliko zote, na siiepuki. Mtu anasema: mtoto wa mhami amepoteza miezi, labda mwaka. Huyo kweli hahitaji msaada zaidi? Anahitaji. Anahitaji kuliko wote. Mtoto aliyekimbia akiwa kalasi ya nne, akakaa miezi minane bila kushika kitabu, kisha akawekwa kalasi ya sita kwa sababu ya urefu wake, huyo hataokolewa na saa za kawaida peke yake. Lakini angalieni nani yuko katika etidi za kulipia. Huyo hayumo! Waliomo ni watoto wa wafanyabiashara, wa wakubwa wa ofisi, wa mwenye duka la vifaa vya motari, watoto ambao hawakukosa hata siku moja. Dawa inauzwa kwa wazima na wagonjwa wanapita njia. Kisha tunaambiwa etidi ipo kwa sababu watoto wako nyuma.

Mtoto aliyebaki nyuma ana mahitaji yanayojulikana. Kwanza, kusoma. Kifaransa ndicho kinachowaangusha wengi, maana katika kalasi za kwanza mwalimu anafundisha kwa Kiswahili, kisha juu lugha inageuka, na aliyekimbia wakati wa kugeuka hakuvuka daraja hilo kamwe. Anasoma herufi, hasomi maana. Mpe maswali elfu ya miaka iliyopita, hayatamsaidia, sababu haelewi linaloulizwa. Huyo anahitaji mtu asome naye kurasa mbili kila siku, polepole, aulizwe «hapa wamesema nini?», ajibu hata kwa Kiswahili kwanza. Kazi hiyo haihitaji mwalimu wa diploma. Mwanafunzi wa kalasi ya tatu ya humanite anaweza. Dada mkubwa anaweza. Katika familia moja inayowapokea wahami niliona watoto saba, wa mwenyeji na wa mhami wamechanganyika, wanasoma kitabu kimoja kwenye mkeka saa tisa mchana, mkubwa anawasahihisha wadogo na kuwapiga kelele kama direkta. Hakuna franka iliyolipwa. Yule wa mwisho, ambaye mwezi wa kwanza hakuweza kusoma jina la kijiji chake, sasa anasoma hadi makaratasi ya sabuni.

Pili, kwa wale waliopitwa na umri, kuna vituo vya kukamata masomo, CRS, ambavyo vinatambuliwa na serikali: miaka sita ya msingi inafanywa katika mitatu, na mtoto anaenda ENAFEP kama wengine. Wazazi wengi wanaona haya kupeleka mtoto huko, wanadhani ni shule ya walioshindwa. Ni kosa kubwa. Kijana wa miaka kumi na nne anayekaa nyuma ya watoto wa miaka tisa ndiye anayeona haya, na ndiye anayeacha.

Tatu, saa. Shule nyingi zilizopokea wahami zinafundisha kwa zamu, wenyeji asubuhi na wahami mchana, au madarasa mengine yamelaliwa na familia zilizokosa mahali. Zamu ya mchana inaanza imechelewa na inakatwa mapema kwa sababu ya usalama. Mtoto wa zamu hiyo anapoteza sehemu ya mwaka bila kukosa hata siku moja. Nasema hivi kwa mashirika yanayokuja na magari yenye bendera: mmetuletea mifuko ya shuleni, asante. Mifuko tunayo. Mwaka huu lipieni saa. Mlipeni mwalimu asiye kwenye orodha ya serikali ili afundishe mchana ule ule, ndani ya jua, watoto wote waliobaki nyuma, bila orodha ya waliolipa na wasiolipa. Hiyo etidi nitaipigia makofi.

Kuna mzazi mwenye duka ambaye aliniandikia, baada ya kusikia naandaa maneno haya: «Feza ni zangu, mtoto ni wangu, unaniingilia nini?» Baba, sikuingilii. Ukitaka kumleta mwalimu nyumbani kwako, mwalimu ambaye hamfundishi mtoto wako asubuhi, mlango ni wako. Ninachokataa ni darasa la umma, lenye mabenchi ya umma, kugeuzwa duka baada ya kengele. Kenya waliandika katika sheria yao ya elimu ya 2013 kwamba mwanafunzi asifundishwe masomo ya ziada wakati wa likizo, na hata hivyo mambo yakaendelea kwa majina mengine, sababu mtihani wa kuchuja ulibaki palepale na kila mzazi alimwogopa jirani yake. Sheria peke yake haizimi foleni. Kinachozima foleni ni robine nyingine.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho ni kwa maprefe wa sekondari zenye jina, sababu ninyi ndio wenye ufunguo na mnapenda kukaa kimya kana kwamba etidi haiwahusu. Testi ni yenu. Mnaweza kuandika maswali yasiyofundishika kwa kukariri: mpeni mtoto ukurasa ambao hajauona, asome, aeleze. Mnaweza kutangaza mwezi wa Mei mambo mtakayopima, kwenye ukuta wa shule na kwenye redio, bure, ili asiwepo mtu wa kuuza «siri ya testi». Mnaweza kuweka viti kadhaa kwa watoto wa wahami wenye sertifika, mkawapanga wao kwa wao, sababu kumpima aliyekimbia na asiyekimbia kwa mstari mmoja na kuita hiyo akili ni mchezo wa macho. Na mnaweza kuwakataza walimu wenu wenyewe kuuza matayarisho ya testi wanayoitunga. Kwamba jambo hilo la mwisho lazima lisemwe ni aibu, lakini lazima lisemwe.

Kwa mama aliyeniuliza: usilipe mwezi huu. Nunua mafuta ya taa, au betri ya tochi, na kitabu kimoja cha kusoma, hata kilichotumika. Binti yako akutane na wenzake watatu saa tisa, jua likiwa juu. Na siku ya mkutano wa wazazi uende. Wahami wengi hawaendi, wanasema «sisi ni wageni». Mtoto wako ameandikwa katika shule ile, basi una kiti pale kama mwenye duka. Simama, uulize maswali mawili mbele ya wote: katika programu ya kalasi ya sita, mwalimu amefika wapi hadi leo? Na masomo anayofundisha mangaribi kwa franka elfu kumi, ni yapi kati yake ambayo hayakufundishwa asubuhi? Andika majibu kwenye kaye, na jina la aliyejibu, na tarehe. Kama hujui kuandika, mpeleke binti yako, ataandika yeye.